Dhahabu ya Taji Iliyoishia Kwenye Mabawa

Shangazi Dorah, shikamoo, naomba unisaidie maana roho yangu haitulii. Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa, nakaa Kamunyonge hapa Musoma, kazi yangu ni rangi, naandika mabango ya maduka kule Iringo na kupaka nyumba, shule niliishia la saba kwa hiyo univumilie.

Parokiani kwetu kulikuwaga na padri mzee kutoka Poland, alikuwa na mchezo wake wa mezani, vita ya visanamu vidogo kama kidole gumba, kila mtu na jeshi lake, mnarusha dadu kujua nani kaanguka, akanifundisha, tukawa tunacheza Jumapili baada ya misa, anacheka mpaka masharubu yanaloa chai. Jeshi alilonipa mimi lilitoka kwenye hadithi za vita vya zamani vya kwao, alizokuwa anasoma akiwa mtoto, wapanda farasi wana ngozi ya chui begani na mgongoni mabawa marefu ya manyoya, na sheria yao kwenye mchezo ni kwamba wakishaanza kukimbia hawasimami wala hawageuki mpaka wamfikie adui. Alipougua akarudi kwao, akaniachia boksi lote, wapanda farasi arobaini, hawana rangi, wengi mabawa yamevunjika.

Shangazi, hapo ndio nilipopotelea. Mabawa niliyatengeneza upya kwa mapezi ya sato, yale ya mgongoni yenye miiba, ukiyakausha juani yanasimama kama manyoya kabisa, na aliyekuwa ananiwekea hayo mapezi ni mama mmoja mjane anayesafisha samaki, nitamwita mama Jenoveva, sio jina lake, ananitaniaga, "Shemeji, siku hizi minofu imekushinda unakula miiba?" Basi nawapanga juu ya mawe nyuma ya nyumba, jua la saa kumi limelala ziwani, maji yanameremeta, ukifinya macho kidogo unawaona wanatembea, nasikia kwato, nasikia upepo ukivuma kwenye mabawa, mimi mtu ambaye farasi sijawahi hata kumwona, mke wangu ananiita chai inapoa na mimi siitiki.

Sasa parokia wakanipa kopo dogo la rangi ya dhahabu, ile nzuri ya kutoka nje, nije nipake taji la sanamu ya Mama Maria kwa sikukuu ya Kupalizwa. Nikasema ngoja nijaribu kwenye ncha ya bawa moja nione inavyoshika. Ikashika, Shangazi! Nikapaka la pili ili lifanane, na la tatu, na jua linawaka mle ndani ya dhahabu, sijui nilikuwa wapi, nilishtuka brashi inakwaruza bati tupu. Nikafunga kifuniko, nikalirudisha sakristia nikasema likae huku lisipate vumbi. Aliyelipokea ni huyo huyo mama Jenoveva, ndiye mshika funguo miaka kumi na minne, hakulifungua, alivyoniamini.

Wiki iliyopita likafunguliwa, kavu, halina hata tone. Kwenye kikao mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, wewe ndio unajua, hii rangi inaweza kukauka yenyewe humu?" Nikajibu, "Hapana, haikaukagi yenyewe." Basi. Nilisema kweli na hiyo kweli ndio ilimmaliza mama Jenoveva, watu wakaanza kukumbuka binti yake ameolewa Bunda mwezi uliopita na ukumbini kulikuwa na mapambo ya dhahabu, wakamnyang'anya funguo pale pale. Nje akanifuata, nikajua anakuja kunitukana, akasema, "Shemeji, usijisikie vibaya, uliulizwa ukajibu. Mapezi yako nimekuwekea, upitie."

Sikukuu bado siku tisa. Nimewaza hao farasi niwatupe wote ziwani, au niungame tu yaishe, maana padri hasemi. Nifanyeje?

Fundi, Kamunyonge

SHANGAZI DORAH ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimesoma mara mbili, na hao farasi wako juani hata mimi nimewaona, sikufichi. Baba mzima kucheza sio aibu, wenzako Jumapili yao inaishia baa. Hata ile rangi ningekutetea, mkono wa fundi ulilewa.

Lakini pale kikaoni, baba, hapana. Uliulizwa ukajibu nusu. Nusu iliyobaki umeikalia, na mjane wa watu akipita wanamnong'ona, na binti yake anasikia harusi yake ilipambwa kwa mali ya kanisa. Halafu hujaniambia kama yale mapezi ulipitia kuyachukua. Naogopa kuuliza.

Ziwani usitupe kitu, ziwa limekukosea nini? Kitubio utaenda, ila sio kwanza. Wewe unamtaka padri kwa sababu hasemi. Mimi nakutuma kwa wanaosema.

Kesho asubuhi beba hilo boksi, wewe na mkeo, mwende kwa mama Jenoveva. Mfungulie aone mapezi yake yalipo na dhahabu ilipo. Akilia, subiri. Akikutukana, nyamaza. Akikufukuza, rudi kesho kutwa. Halafu Jumapili, wakati wa matangazo, simama mbele ya watu wale wale umalizie jibu lako: "Haikaukagi yenyewe, niliimaliza mimi." Omba arudishiwe funguo siku hiyo hiyo, asisubirishwe kikao kingine. Taji likikosa dhahabu mwaka huu litakosa, na wakiuliza kwa nini, utajibu wewe.

Farasi sikwambii uwachome. Si ulisema wakishaanza kukimbia hawageuki mpaka wafike? Basi kesho ukishatoka mlangoni kwako na wewe usigeuke. Na mapezi mengine usiyaguse, hata ukiyakuta yameanikwa, mpaka siku atakapokuita shemeji tena.