Nguzo Kumi na Mbili za Baba

Kakuma, Turkana.
14 Agosti 1997

Mpendwa kaka Nanok,

Ejok? Nakuru na baridi yake wanakuonaje? Wewe, shemeji Nakeno na watoto mko wazima? Au ugali wa mjini umekunenepesha mpaka kuinama ni kazi? Sisi tupo. Mvua hakuna, mbuzi wapo, Mama anakula kidogo.

Uliomba picha za lile kanisa dogo la mbao alilojenga Baba, kabla wazee wa kanisa hawajalibomoa wajenge la mawe. Nimepiga. Shule niliacha darasa la sita, lakini jicho sikuliacha huko. Kamera ni ya Gatwech, yule wa kambi ya wakimbizi anayepiga watu picha za kitambulisho. Amenifundisha siku moja tu, na sasa anaogopa nitamnyang'anya wateja.

Niliingia asubuhi. Viti vimeshatolewa, kimya. Jua linapita kwenye nafasi za mbao, linalala chini mistari mistari. Nikapiga paa, pale miti inaposhikana bila msumari hata mmoja. Nikapiga mlango. Nilidhani nitalia, kaka. Wapi! Nilibonyeza tu, kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani. Tangu tumzike Baba niko hivyo.

Mama akaingia na shanga zake zote shingoni. "Picha ya nyumba tupu ya nini? Nanok atasema tumekufa wote." Akaegemea nguzo. Nikamwambia asogee, ananiharibia kazi. Aliposogea nikaona kwenye nguzo chapa ya ngamia wetu, imechomwa kwa chuma cha moto. Nikazunguka. Nguzo zote kumi na mbili zina chapa. Na zilikuwa zipasuliwe, ziwe kuni za mafundi!

Nikamwita mzee Apua, mkubwa wa kamati. Akaigusa chapa kwa kidole.

"Kijana, ngamia mwenye chapa ya mtu huchinjwa na nani?"

"Na mwizi, mzee."

"Unajibu haraka sana. Basi mimi si mwizi. Bebeni."

Kanisa limebomolewa Jumatatu. Nguzo ziko hapa nyumbani, zimelala chini. Mama anataka nyumba yake isimame juu ya hizo, na shimo la kwanza uchimbe wewe, kifungua mimba. Nikasema nitachimba mimi, nina mikono kukushinda. Akaficha mtaimbo.

Kwenye mazishi hukuja. Sikuulizi kwa nini, na Mama pia haulizi. Anageuza nguzo kila asubuhi, anazipangusa kwa kanga. Moja mchwa wameshaingia. Nimemwambia nakuandikia barua, lakini mchwa hawasomi barua.

Picha zimo humu. Ile yenye kiwiko cha Mama ndiyo nzuri kuliko zote, na ukiicheka tutagombana.

Shangazi Nawoi anakusalimu. Wabusu watoto. Mungu akupe nauli na miguu ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hivyo hivyo ulivyo,
Lomorukai