Gololi ya Saba

Superior, Montana
Oktoba

Dada Arlene,

Kwanza nakujulia hali, wewe na magoti yako, na Mama na nyonga yake mpya. Sisi huku wazima, ila mke wangu Maxine bado ameninunia kidogo, na sababu utaiona hapa chini.

Hujasahau ulivyoniambia kwenye simu: pikapu ya marehemu Baba ikivuka Mlima Lookout ulio kati yetu, na trela nyuma, Mama atarudi nyumbani kwake huku Superior; isipovuka, atabaki kwako Spokane, na maneno yaishe. Ukaongeza kwamba mtu aliyeshindwa na kibaniko cha mkate asiguse giaboksi ya otomatiki. Kibaniko kile, Arlene, kilikuwa kibovu tangu dukani.

Basi niliishusha giaboksi, na kwa kuwa gereji ina baridi ya kuua, nikaifungulia juu ya meza ya jikoni. Maxine akauliza kama chakula cha jioni tutakilia juu ya injini. Klachi zilikuwa nyeusi kama mkate uliosahauliwa. Safari hii sikurudishia vitu vilevile: nimeongeza klachi, nimeweka shafti ya chuma kigumu zaidi na kipozeo kikubwa cha mafuta, maana kinachoua giaboksi mlimani ni joto. Vipande vidogo nilivipanga kwa mfuatano kwenye bati la Maxine la kuokea vikeki. Hakufurahi.

Sasa, ndani ya giaboksi hiyo mna vijia vya mafuta, na humo hukaa gololi saba za chuma, ndogo kama njegere. Zamu ya kuzirudishia ilipofika nikakuta sita. Bila ya saba, gari lingeweza kususa gia katikati ya mlima, Mama akiwa ndani. Nilitambaa chini ya meza hadi mbwa akadhani tunacheza. Maxine akashauri nitafute kichwani mwangu, labda huko ipo moja iliyolegea.

Jumapili baada ya ibada tulikaa ukumbini kula. Maxine alikuwa amepeleka keki iliyopambwa kwa vile vishanga vya sukari vya rangi ya fedha, aliyoipambia jikoni kwenye meza ileile. Mchungaji Stromquist akauma, akatoa kitu mdomoni na kukiinua kwenye mwanga. Akaniambia kwa upole: Delbert, huyu nadhani ni kondoo wako aliyepotea. Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa mpishi. Jino la mchungaji salama.

Nikamaliza kufunga. Alhamisi nilijaza trela marobota ya nyasi nikapanda Lookout na kurudi. Mshale wa joto haukushtuka, na gia zilibadilika taratibu kama bibi anayefunua kitabu cha nyimbo.

Sasa la kukiri. Itazame bahasha: haina stempu. Nimeitia mwenyewe kwenye sanduku lako asubuhi hii. Mama anajua tangu jana, ndiyo maana amekaa sebuleni na koti lake akikudanganya kwamba anasikia baridi. Nipo ndani ya pikapu pale kwenye kona ya mtaa wako, trela tupu nyuma kwa ajili ya mizigo ya Mama, nakunywa kahawa. Usiharakishe. Ukimaliza kusoma, toka uje uwashe gari mwenyewe, umsikilize Baba.

Maxine anakusalimu sana. Amemwokea Mama keki ya kumpokea. Haina mapambo.

Mdogo wako,
Delbert