Kwa Nini Nilimpa Kiden Nafasi Yako

Poni, mjukuu wangu uliyeondoka bila hata kunywa chai,

Mimi kalamu siijui. Anayeandika ni Mama Sabina, yule Mganda mwenye duka la sabuni pale soko la Custom, na nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Nasikia huko Kampala unawaambia watu, "Haboba wangu amezeeka, alichanganya miaka." Sikuchanganya. Wewe na Kiden wa jirani mlizaliwa kambi ya wakimbizi, kule Uganda, mwaka mmoja, mvua moja, na wote wawili niliwapokea kwa mikono hii. Kwanza yeye, na wiki tatu baadaye wewe. Wewe ulitoka unalia kama mtu aliyeibiwa. Yeye alitoka kimya, amekunja ngumi.

Unakumbuka siku ile ya mazoezi ya mpira wa kikapu uwanja wa Buluk, mimi nimekalia jerikeni? Wote wawili mnacheza namba nne, kazi ya kugombania mpira chini ya ringi, na kocha akawapanga ana kwa ana. Wewe unaruka, mama yangu! Mkono laini, mpira unaingia hata wavu haujui. Watu wanasimama kukutazama. Kiden hajui kuruka, anakimbia kama amebeba gunia. Lakini ukikosa, wewe unaangalia vidole vyako, kama ndivyo vyenye kosa. Yeye akikosa ameshaingiza matako katikati ya watu, kama anatafuta nafasi kwenye lori la kwenda Nimule, na mpira ni wake tena. Mpira wa pili wewe hujawahi kuutaka.

Ukanijia unalia. "Haboba, Kiden ananisukuma!"

"Na wewe huna matako?"

Ukaninunia mpaka Jumapili.

Halafu yule bwana wa timu ya vijana akaja nyumbani na karatasi zake. Aliyetimiza miaka kumi na minane hasafiri na timu. Namba nne anamtaka mmoja tu. Vyeti vya kuzaliwa hamna, mna mdomo wangu. Asubuhi ile ulinipaka mafuta miguuni, wewe mjanja, ukasema, "Sema mimi mdogo, haboba, basi." Yule bwana akaniuliza, wewe umesimama mlangoni unanikonyeza. Nikamwambia: Poni ameshapita miaka hiyo. Kiden bado mvua mbili.

Uongo. Wote wawili mlikuwa mmepita.

Ningewafanya wote wadogo, angekuchukua wewe, kwa sababu unapendeza macho. Na timu ingerudi imefungwa. Kwa hiyo nilimdanganyia mtoto wa jirani, na damu yangu mwenyewe nikaisemea ukweli. Nikalala vizuri. Ulipobeba begi na kwenda zako, hapo ndipo usingizi ulipokatika, lakini maneno yangu siyarudishi.

Sasa unayo karatasi hii mkononi, na uongo wangu umo. Ukitaka, ipeleke kwa yule bwana. Kiden ataondolewa siku hiyohiyo, na mimi nitaaibika mbele ya kanisa zima. Sitakuzuia. Ila nafasi haitakuwa yako hata hivyo, miaka yako imepita.

Au ichane, urudi. Wanawake wakubwa wana timu yao, hakuna anayewauliza miaka, na wale wanasukuma kweli. Njoo wakusukume mpaka ujifunze. Kunichukia, nichukie tu, una haki. Lakini nichukie hapa, ukila chakula changu.

Ni mimi haboba wako, na msamaha siombi.