Kabati la Magonjwa ya Kuambukiza

Levina, nina hasira! Nimetoka maktaba na mwanangu Kulwa, tunarudi nyumbani kwa miguu.

Kitabu cha usonji nimekikuta kabati la MAGONJWA YA KUAMBUKIZA! Kuambukiza, Levina! Usonji mtu anazaliwa nao! Kimebanwa katikati ya kipindupindu na kifua kikuu.

Namuuliza mkutubi, ananijibu, "Dada'angu, kwani si yote mambo ya hospitali?" Mambo ya hospitali!

Na Kulwa anajua ana usonji, nilimweleza mwenyewe. Kasoma kibao cha kabati, kauachia mkono wangu. "Mama, usinishike, utaugua."

Kauachia mkono wangu, Levina!

Nikakichomoa kitabu, nikakipeleka kabati la MALEZI. Mkutubi akafoka, "Unaniharibia mpangilio!" Nikamwambia, "Wewe umeniharibia mtoto."

Tumeshafika mtaa wa Isevya. Bado anatembea hatua tatu nyuma yangu.