Kipindi cha Saa Kumi na Moja

Mwanangu mtunga vitabu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkwe wangu, na yule mjukuu wangu Bwana Kelele, ambaye nasikia sasa ana meno manne na hasira za mtu mzima. Mimi sijambo kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kulia limegoma, la kushoto linamsikiliza mwenzake. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana.

Barua yako ilifika Jumatatu. Fundi viatu wa mlango wa pili alinisomea mara mbili, maana miwani yangu imebaki na kioo kimoja, nacho kiko upande wa jicho bovu. Umesema kitabu kinachapwa, na ukurasa wa mbele utaandikwa: Kwa mama, aliyesikia. Fundi viatu alifurahi, akataka tunywe chai. Nikamwambia tumbo linaniuma. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ningeligeuza jambo hili mzaha, unanijua, ungecheka na lingeishia hapo.

Ngoja nikusimulie ile Jumamosi uliyosoma hadithi yako redioni.

Redio ya nyumbani unaikumbuka. Kile kidude cha kuzungushia stesheni kilivunjika ungali unasoma, na miaka yote nikawa nazungusha kwa koleo ninalotembea nalo mfukoni. Mama yako alikuwa akisema nimetengeneza redio za mji mzima, yake nimeiacha kilema, nami namjibu kwamba mganga hajigangi. Tulicheka sana kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba stesheni haikubadilika mle ndani ila kwa mkono wangu.

Asubuhi walipiga muziki wa vinanda na fidla, ule wa watu themanini wanaopiga kwa pamoja na hakuna hata mmoja anayeimba. Mimi huuita muziki wa kumsubiri daktari. Mama yako aliupenda. Alisema fidla inasema kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni: maneno hayatoki, lakini mtoto anajua kabisa kwamba anakatazwa. Hiyo ilikuwa wiki yake ya sita kitandani, kifua kimembana, hata hivyo aliniagiza nimvalishe lile gauni la bluu la vifungo na nimchane nywele. Nikamuuliza anakwenda wapi, kama ana mchumba nisiyemjua. Akasema mwanawe anakuja saa kumi na moja, hawezi kumpokea na nguo ya kulalia.

Mchana ukaingia mpira, fainali. Yeye na mpira hawakuwa wanapatana, lakini alinivumilia, akisinzia na kuamka, na kila akiamka anauliza saa. Dakika tisini zikaisha sare. Mtangazaji akasema kipindi cha fasihi kinafuata hapohapo, wanaotaka muda wa nyongeza wahamie stesheni ya pili.

Mwanangu, nilitoa koleo.

Mama yako akaniambia, mzee, mtoto anaanza. Nikamwambia dakika chache tu, hawa watu wa vitabu huanza na maelezo mpaka msikilizaji anaota ndevu. Akacheka kidogo, akakohoa. Muda wa nyongeza nao ukaisha sare. Zikaja penalti. Nilikuwa nimesimama kwa magoti haya haya mabovu, napayuka kama mwehu, na mpaka ya mwisho ilipodakwa sikukumbuka kitu. Niliporudisha stesheni, mtangazaji alikuwa anataja jina lako na kuwashukuru wasikilizaji.

Mama yako alisikia jina tu. Akajiinua kwenye mto, akauliza kama ndiyo wanaanza.

Nikazima. Nikamwambia hapana, wametangaza kwamba hadithi yako imesogezwa hadi Jumamosi ijayo, mpira umekula muda. Aliamini, maana mambo ya redio fundi ni mimi. Akasema basi, mpira umemchelewesha mtoto. Kisha akaniomba nimvue gauni lisijikunje, atalihitaji.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne alikuwa akibuni utakachosema. Alisema utaanza na cherehani yake, kwa sababu ulijifunza kuhesabu ukiwa umekaa sakafuni unahesabu mizunguko ya gurudumu. Mimi nikamwambia utaanza na mimi, mtu mwenye sura ya kitabuni. Nilitania hivyo huku simu iko mfukoni. Neno moja tu lingetosha: mwanangu, msomee mama yako mwenyewe, sikioni mwake. Nilijua. Mara mbili nilitoka nje kukupigia, mara mbili nikarudi, kwa sababu ungeuliza imekuwaje hakusikia, nami ningelazimika kutaja penalti. Jumatano saa nne asubuhi akatutoka, bado Jumamosi haijafika.

Siku ya mazishi ulinivuta pembeni ukaniuliza kama alisikia. Nikakujibu alisikia neno kwa neno, na mwishoni akasema, huyu ni wangu. Ukalia begani kwangu mpaka shati likalowa. Neno lile nilikupa kwa kuwa nilikuona unazama, lakini mama yako hakulisema. Wala hakusikia. Mwaka mzima umeutembeza uongo wangu kifuani, na sasa unataka kuuchapisha.

Fundi viatu alikusikia siku ile akiwa kibandani kwake. Juzi nilimuuliza hadithi yenyewe inaanzaje. Akasema inaanza na mtoto yuko sakafuni, anahesabu mizunguko ya gurudumu la cherehani. Nikamwambia aishie hapo. Hapo mama yako alifika peke yake, mimi sina haki ya kwenda mbele zaidi.

Ukurasa ni wako. Ukilifuta lile neno aliyesikia au ukiliacha, mimi sitauliza. Ukikaa kimya kwa muda, nitajua ni kimya cha haki.

Fundi viatu anakusalimu, anadai bado una mguu mkubwa kuliko viatu vyote vya dunia. Mkwe wangu mpe pole na malezi. Bwana Kelele mwambie babu yake yupo, asubiri kidogo kabla hajaambiwa ni mtu wa namna gani.

Ni mimi baba yako,
fundi redio.