Theluji ya Maureen

Dada Winifred,

Sisi huku Alnwick tu wazima. Paka kazaa chini ya ngazi. Mimi bado naendesha lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, na redio inasema jioni hii theluji itaanguka.

Zamani nilikuwa naiombea, maana ikianguka tunalipwa ovataimu. Asubuhi Maureen kacheza jikoni: "Mzee wangu, na ianguke hadi madirishani! Tununue jiko, hili litakuja kutulipukia!" Nikacheka naye.

Dada, hajui. Lile duka langu la baiskeli lilinimaliza kwa madeni. Mahakama imenitangaza muflisi, na kila mwezi sehemu ya mshahara wangu inakwenda kwa wanaonidai. Ovataimu ikiingia lazima nimwambie msimamizi wa ufilisi wangu, naye ataichukua karibu yote. Nikificha, wataniongezea miaka ya vikwazo vya muflisi. Nikimwambia msimamizi, mke wangu atauliza pesa ya jiko iko wapi.

Ukipiga simu, tafadhali usiligusie jambo hili.

Nilidhani leo nitapata ujasiri wa kumweleza. Lakini theluji imeanza, na Maureen ameniletea buti zangu. Amezipaka mafuta, na anaimba.

Mdogo wako,
Clive