Baruti ya Baba

Kaka Larbi,

Salamu zikufikie huko Marseille. Mvua imenyesha, shayiri imeota, Mama sasa anakula.

Nimeanza kujifunza bunduki ya Baba. Ami Buazza, mkuu wa wapanda farasi wetu, alinicheka nilipokimbilia kumimina baruti. "Haraka ya wapi, Yamna? Tia mdeki kwanza, uone kama mtutu ni mtupu!"

Ufito huo wa kushindilia baruti uligota kabla ya kufika chini. Ami akaacha kucheka. Siku ile ya sherehe, katika mbio za farasi, Baba alianguka akafa kabla yeye na wenzake hawajafyatua kwa pamoja. Baruti yake bado imo.

"Ilowanishe, uichokonoe," akasema taratibu.

Nimekataa. Mazikoni hukuja, arobaini hukuja. Njoo uitoe kwa mkono wako. Mimi sitatia yangu juu ya yake.

Dadako anayekungoja,
Yamna